Kwa Nini Mji Uko Ifakara na Si Masagati

Masagati ni kata iliyo ukingoni mwa bonde la Kilombero, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, upande ambako mkoa wa Morogoro unakaribiana na Njombe. Ni nchi ya mpunga na mahindi, yenye maji na udongo unaolipa jasho la mtu. Ifakara iko mbali na hapo, safari ya zaidi ya kilomita mia, katikati ya tambarare inayofurika. Mto Lumemo ukijaa, maji huingia mpaka uvunguni mwa vitanda. Ukipima udongo na usalama wa nyumba peke yake, utadhani watu wangejenga mji wao Masagati. Hawakujenga. Mji uko Ifakara na unazidi kutanuka.

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu anayeweza kulijibu anaweza pia kueleza kwa nini Dar es Salaam ni kubwa kiasi kile, na kwa nini mtoto wa kijijini hupanda gari kwenda kutafuta maisha mahali fulani na si pengine. Nitalijibu polepole, kwa kuanza na kitu ambacho kila nyumba ya bonde lile inakijua: gunia la mpunga.

Tuseme mkulima wa Masagati amevuna magunia ishirini. Familia itakula manane mpaka msimu ujao, na mawili yatawekwa kuwa mbegu na akiba. Yanabaki kumi. Hayo kumi ndiyo msingi wa mji wowote duniani, maana mkazi wa mjini, awe fundi cherehani, muuguzi au dereva, ni mtu anayekula chakula ambacho hakukilima. Kila anayeishi bila jembe anahitaji wakulima wenye ziada. Pasipo na ziada kila mtu yuko shambani, na mji hauwezi kuzaliwa hata serikali ikiuchora kwenye ramani.

Ila ziada iliyolala ghalani Masagati haijamlisha mtu wa mjini. Lazima isafiri, na safari ina bei. Tuweke tarakimu za mfano ili hesabu ionekane. Gunia linauzwa Ifakara kwa shilingi 100,000, na kulilima mpaka kulivuna kumegharimu 60,000. Mkulima aliye pembeni ya Ifakara analipa 3,000 kulifikisha sokoni, akabakiwa na 37,000. Wa Masagati analipa 25,000, akabakiwa na 15,000. Masika ikiingia, barabara ikakatika na nauli ikapanda hadi 45,000, huyu wa Masagati atapata hasara ya 5,000 kwa kila gunia, na anayeweza kungoja hatalitoa ghalani. Udongo ni uleule na jembe ni lilelile. Kilichomtofautisha na mwenzake ni umbali, na umbali haupimwi kwa kilomita tu: unapimwa kwa nauli, kwa saa, na kwa miezi ambayo njia inapitika.

Hesabu hii ilifanywa kwa uvumilivu mkubwa na Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba huko Tellow, kaskazini mwa Ujerumani. Alitunza daftari la mapato na matumizi kwa miaka mingi, na mwaka 1826 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mazao hujipanga kuuzunguka mji kwa mizunguko. Mboga na maziwa, ambavyo huharibika upesi, hukaa karibu. Nafaka inayovumilia safari husogea nje. Mwisho kabisa hukaa mifugo, kwa kuwa ng'ombe hujipeleka sokoni kwa miguu yake. Ukitoka katikati ya Ifakara kuelekea pembezoni utakutana kwanza na bustani za mchicha na mabanda ya kuku, kisha majaruba ya mpunga, kisha malisho ya wafugaji. Mpangilio hauko safi kama wa kitabuni, lakini nguvu inayoupanga ni ileile.

Sasa tuingize mashine ya kukoboa. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 65 za mchele. Zinazobaki ni makapi na pumba. Anayesafirisha mpunga, basi, analipia nauli ya makapi. Alfred Weber, mchumi wa Kijerumani, aliijenga hoja hii mwaka 1909: kiwanda ambacho malighafi yake hupoteza uzito mwingi huvutwa kwenda kwenye malighafi. Bonde la Kilombero lina ushahidi ulio wazi pale Kidatu. Tani moja ya sukari huhitaji takriban tani kumi za miwa, na muwa uliokatwa huanza kupoteza utamu wake upesi. Hakuna anayeweza kusafirisha mzigo huo mpaka Dar es Salaam kisha akapata faida. Kiwanda kiliufuata muwa, na watu wakakifuata kiwanda, ndiyo maana mashamba ya miwa yamezaa makazi makubwa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu.

Kwa mantiki hiyo mashine kubwa za mpunga nazo zingekuwa Masagati. Vijijini zipo ndogo, na zinasaidia. Lakini mashine kubwa na wanunuzi wa jumla hukusanyika mjini, na hapa tunafikia kiini cha somo.

Mashine ina gharama zisizongoja: mkopo, mshahara wa mwendeshaji, dizeli au umeme, spea. Tuseme ile kubwa inataka magunia 30 kila siku ili isimtie mwenyewe hasara. Kijiji kimoja kinaweza kuleta magunia mia kwa siku wakati wa mavuno, kisha kikaleta matatu mwezi wa Februari. Kiasi hicho cha chini ambacho huduma inakihitaji ili isife tukiite kizingiti. Upande wa pili yuko mteja, naye ana kikomo chake: atakubali kwenda umbali gani kufuata huduma ile? Kwa chumvi, nyumba ya tatu. Kwa upasuaji wa mtoto, atauza kuku na mbuzi na kusafiri siku nzima. Kikomo hicho tukiite upeo wa safari. Huduma husimama pale tu ambapo watu walio ndani ya upeo wanatosha kukijaza kizingiti.

Shika sentensi hiyo ya mwisho, maana karibu kila kitu kingine kinatoka humo. Chumvi, sabuni na kiberiti vina kizingiti kidogo, kwa hiyo duka lake liko kila kijiji. Spea za pawatila, vitabu vya sekondari, miwani ya macho na wakili vina kizingiti kikubwa, kwa hiyo vinakaa mahali pachache na vinahudumia eneo pana. Walter Christaller, mwanajiografia aliyechunguza kusini mwa Ujerumani, aliandika mwaka 1933 kwamba kama nchi ingekuwa tambarare sawasawa, makazi yangejipanga kwa ngazi: vijiji vingi vyenye huduma ndogo, miji midogo michache yenye zaidi, na mji mmoja mkubwa wenye kila kitu, kila kimoja katikati ya eneo lenye pembe sita. Kwa nini sita? Kwa sababu ukipanga maduara yanayolingana kwa kusongamana mpaka yasibaki mapengo, mipaka yake hugeuka pembe sita.

Bonde la Kilombero halikumpa Christaller nafasi ya kuchora pembe zake. Upande mmoja kuna ukuta wa milima ya Udzungwa, upande mwingine kuna mto na mbuga ya mafuriko. Watu wamebaki na ukanda mwembamba chini ya mlima, na makazi yamejipanga kama shanga kwenye uzi: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita, Mlimba. Wanafunzi wengi hufundishwa zile pembe sita, kisha hukata tamaa wanapoziona hazipo kwenye ramani ya wilaya yao. Hawapaswi kuzitafuta. Watafute kizingiti na upeo, maana hivyo vipo hata kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Na pale ambapo kizingiti hakijai kwa siku saba, watu wa kwetu walikwisha kupata jawabu bila kusoma kitabu chochote: gulio. Muuza mitumba asiyeweza kuishi kwa wateja wa kijiji kimoja huhama, leo hapa, kesho kutwa kule, akikusanya wateja wa vijiji vitano mpaka wanatosha. Badala ya mteja kusafiri kwenda mjini, mji wenyewe unamjia mteja kwa siku moja, kisha unafungasha. Mwanaanthropolojia George William Skinner aliyaeleza magulio ya vijijini China kwa namna hiyohiyo katika maandishi yake ya 1964 na 1965. Gulio likianza kuwa na wauzaji wanaobaki siku ya pili, kisha ya tatu, hapo ndipo penye mbegu ya mji. Kama ningekuwa afisa mipango, ningeanza kupima viwanja pale kabla ya mahali pengine popote.

Lakini Ifakara haikukua kwa gulio peke yake. Zipo huduma ambazo hazikungoja kizingiti kijazwe na soko. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walijenga hospitali, ambayo leo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 alifika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, na katikati ya miaka ya 1950 ikaanzishwa maabara ya utafiti wa magonjwa ya joto, iliyokua hatimaye kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Fedha za kuanzishia zilitoka mbali. Ila zikishafika, mshahara wa mhudumu wa maabara hulipwa Ifakara na kutumiwa Ifakara.

Angalia hesabu yake. Shilingi 100 imeingia kutoka nje ya mji. Tuseme kati ya kila 100, 40 hutumika palepale: kodi ya chumba, chakula cha mama lishe, bodaboda. Mama lishe naye, kati ya hizo 40, hutumia 16 kwa muuza mkaa na muuza samaki wa hapohapo. Wao hutumia 6.4, na kuendelea. Ukijumlisha mpaka mwisho unapata karibu 167. Fedha iliyoingia moja imezaa theluthi mbili nyingine. Ndiyo maana chuo, hospitali, kambi au makao makuu ya wilaya yana nguvu ya kukuza mji kuliko idadi ya waajiriwa wake inavyoonyesha, na ndiyo maana madiwani huyagombea kwa nguvu. Wanagombea hizo 67 za ziada, na wana haki.

Kisha ikaja reli. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, ikakamilika 1975 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ikapita bondeni humu kabla ya kupanda milima baada ya Mlimba. Miaka hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya vijiji vya Ujamaa, na vijiji vingi viliwekwa kandokando ya njia. Mwanahistoria Jamie Monson ameonyesha jinsi treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni ndogo, ilivyogeuka chombo cha wachuuzi: mchele unapanda hapa, ndizi zinashuka pale. Reli iliyofikiriwa kwa ajili ya shaba ya Zambia iliwapunguzia bei ya umbali akina mama wenye matenga.

Reli inatufundisha jambo jingine. Charles Cooley wa Marekani alisema mwaka 1894 kwamba miji hupenda kuota pale safari inapokatika, pale mzigo unaposhushwa kutoka chombo kimoja na kupakiwa kingine, kwa sababu kushusha kunahitaji wapagazi, maghala, makarani, chakula na mahali pa kulala. Kidatu ni mahali pa namna hiyo. TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya pau, na tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa lina milimita 1,000. Tofauti ni ndogo kuliko kiganja, lakini hakuna behewa linaloweza kuivuka. Mzigo lazima uhamishwe. Hata hivyo, kilichoikuza Kidatu ni sukari na bwawa la umeme zaidi ya kituo hicho cha kuhamishia mizigo, kwani mkato wa safari hauzai mji kama mzigo unaopita ni haba.

Mkato wa safari uliofanya kazi kweli ulikuwa Ifakara, kwenye Mto Kilombero. Kwa miaka mingi aliyekwenda Mahenge au Malinyi alifika ukingoni akangoja pantoni. Kungoja huko kulikuwa kunalisha watu: samaki wa kukaanga, chai, vyumba vya kulala wageni, maghala ya mizigo iliyochelewa. Kulikuwa pia kunaua. Januari 2016 kivuko kilizama hapo kikiwa na watu na magari. Daraja la mita 384 lilipokamilika na kuzinduliwa rasmi Mei 2018 kwa jina la Daraja la Magufuli, maisha yaliokolewa na saa nyingi zikarudishwa kwa wenyewe. Na mara daraja linapofunguka, mji uliokua kwa kungoja hulazimika kupata sababu nyingine ya kuwepo. Ifakara ilikuwa nazo tayari: hospitali, soko, stesheni, ofisi. Mahali pasipo na akiba kama hiyo hupitwa.

Ndiyo maana wanajiografia hutenganisha vitu viwili: kiwanja cha mji na nafasi ya mji. Kiwanja ni ardhi yenyewe, mwinuko wake, maji yake, udongo wake. Nafasi ni uhusiano wa ardhi hiyo na njia, mito, mashamba na miji mingine. Masagati ina kiwanja kizuri na nafasi ngumu. Ifakara ina nafasi nzuri sana na kiwanja kigumu sana. Katika historia ya miji, nafasi hushinda mara nyingi, na wakazi hulipa gharama ya kiwanja kibaya kizazi baada ya kizazi.

Gharama hiyo inahesabika. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa alasiri moja juu ya paa la mita 10 kwa 10, humwaga mita za ujazo tano, yaani lita 5,000. Jaruba lilipokuwa hapo, sehemu kubwa ya maji hayo ilisimama, ikanywewa na mpunga, ikazama polepole. Paa la bati haliipi ardhi hata tone. Nyumba elfu moja za ukubwa huo ni lita milioni tano zinazotafuta njia kwa wakati mmoja, kabla hujahesabu barabara na sakafu za saruji. Mji unaotanuka tambarare bila mifereji hauhitaji mvua kuongezeka ili mafuriko yaongezeke. Unahitaji kuongeza mapaa tu.

Kwa nini basi watu wanajenga pale maji yanapopita? Kwa sababu ya bei. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Toa nafasi ya njia, na utapata viwanja vinane hivi vya mita 20 kwa 20. Jirani akiuza viwanja hivyo, fedha anazopata kwa mkupuo mmoja hupita mavuno ya mpunga ya miaka mingi kwenye ekari ileile. William Alonso wa Marekani alieleza jambo hili mwaka 1964: kila matumizi ya ardhi yana bei yake ya juu kabisa ya kulipia kila hatua kutoka katikati ya mji, na ardhi huenda kwa anayeweza kulipa zaidi. Fremu za biashara hushinda barabarani. Nyumba za kupanga hushinda nyuma yake. Mpunga hushindwa kila mahali mji unapogusa. Na mnunuzi mwenye kipato kidogo husukumwa hadi kwenye kiwanja ambacho wenzake wamekikataa, chini kuelekea Lumemo. Anajua maji yatakuja. Amelinganisha maji ya wiki chache na nauli ya mwaka mzima, akachagua. Tusimwite mkaidi. Tumpimie kiwanja cha juu kabla dalali hajafika.

Sasa tuhesabu watu. Mji hukua kwa njia tatu tu: wanaozaliwa huzidi wanaokufa, wanaohamia huzidi wanaohama, au mpaka unasogezwa na vijiji vya jirani vinaitwa mji. Njia ya tatu husahaulika mara kwa mara. Sensa ya 1967 ilikuta takriban asilimia 6 tu ya Watanzania mijini. Ya 2012 ilikuta asilimia 29.6, na ya 2022 asilimia 34.9. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu ambao hawakuhama hata hatua moja. Walilala kijijini wakaamka kwenye mamlaka ya mji mdogo au halmashauri ya mji.

Mkoa wa Morogoro ulikuwa na watu 2,218,492 mwaka 2012 na 3,197,104 mwaka 2022. Hiyo ni kasi ya zaidi ya asilimia 3.6 kwa mwaka. Gawa 70 kwa 3.6 na utapata miaka 19 na ushee: huo ndio muda ambao watu wataongezeka maradufu kasi isipobadilika. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa hajafikisha miaka thelathini. Kila darasa, kila kisima, kila mfereji uliopo utahitaji mwenzake, na hapo tutakuwa tumebaki palepale tulipo.

Bonde hili lina bahati ya kuwa na daftari ambalo maeneo mengi ya Afrika hayana. Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakizungukia kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama. Kazi ya namna hiyo hufichua kitu ambacho sensa ya siku moja haiwezi kukiona: watu wa bonde wana makazi mawili. Msimu wa kilimo familia huhamia shamba, kwenye vibanda vya mbugani, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, kisha hurudi nyumbani baada ya mavuno. Je, huyu ni mtu wa mji au wa shamba? Ni wa kote kuwili. Anayepanga zahanati, shule au maji kwa kufuata nyumba za mjini peke yake atakuwa amewasahau watu walewale kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Turudi kwenye barabara, maana kila mwananchi wa pembezoni anaidai, na anastahili kuipata. Ila lazima tumwambie ukweli wote. Barabara hupitika pande mbili. Ikishushwa nauli ya kutoka Masagati, gunia litatoka kwa faida zaidi, na mjamzito atafika hospitali mapema. Hilo halina mjadala. Wakati huohuo upeo wa safari wa kila mteja wa Masagati unaongezeka. Aliyekuwa ananunua bati kwa muuzaji wa kijijini sasa anaweza kulifuata Mlimba au Ifakara, ambako kuna maduka kumi na bei ya ushindani. Mchumi Paul Krugman alionyesha kwa hesabu mwaka 1991 kwamba kupungua kwa gharama za usafiri kunaweza kukusanya viwanda na wafanyakazi katikati badala ya kuvitawanya pembeni. Tanzania nzima ni mfano: mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36, na Jiji la Mwanza lililofuata lilikuwa na takriban laki saba, tofauti ya mara sita. George Zipf, msomi wa Marekani, alitazamia kwamba mji wa pili ungekuwa nusu ya ule wa kwanza. Bandari, reli zilizoanzia hapo na ofisi za serikali ziliivuta Dar es Salaam ikapita kipimo hicho kwa mbali.

Kinachoweza kuokoa biashara ya pembezoni ni kuweka kule kitu chenye faida ya kuwa karibu na shamba. Hoja ya Weber inasimama upya umeme unapofika: mashine nzuri ya kukoboa Masagati, ghala la kusubiria bei, na mizani ya haki inayomaliza lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Hapo makapi hayasafiri tena, na mkulima huuza mchele badala ya mpunga.

Bado kuna swali la Masagati inatazama upande gani. William Reilly wa Marekani alipendekeza mwaka 1931 kwamba kati ya miji miwili kuna mahali ambapo mvuto wake unalingana. Kama mji mmoja una watu mara nne ya mwingine, mahali hapo pako theluthi moja ya njia kutoka kwenye ule mdogo. Masagati imevutwa kuelekea Mlimba na Ifakara kwa sababu reli na barabara viko huko. Lakini kuna njia ya Taweta kwenda Madeke, upande wa Njombe, na Njombe ina mji wake, soko lake la viazi na mbao, na barabara ya lami. Njia ile ikipitika kiangazi na masika, mstari wa Reilly utasogea, na huenda kata ya Morogoro ikawa inafanya biashara zake na mkoa mwingine kabisa.

Walimu wa jiografia wa sekondari za huko wanaweza kulipima jambo hili bila kifaa chochote. Kila mwanafunzi aulize nyumba tano: sabuni ya mwisho ilinunuliwa wapi, bati la mwisho wapi, mgonjwa wa mwisho alitibiwa wapi, gunia la mwisho liliuzwa wapi, na nauli ilikuwa shilingi ngapi. Wachore mishale kwenye karatasi ya manila, kila bidhaa kwa rangi yake. Wafanye hivyo Agosti, njia ikiwa kavu, kisha warudie Aprili. Mishale itakayokatika kati ya Agosti na Aprili, pamoja na bei ya kila gunia lililobaki ghalani, inatoa picha ya gharama ya barabara mbovu kwa msimu mmoja, nayo inaweza kusomwa mbele ya baraza la madiwani ikiwa na tarakimu zake.